Kilima Hakina Swichi

Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimepewa dakika 20 na mada iliyoandikwa hivi: kupanda vilima na kutembea porini ni mazoezi yanayotunza mazingira kuliko jimu. Naona aliyeiandika alitaka nisimame hapa niseme ndiyo, mpige makofi, kila mtu aende zake. Ndiyo yangu ninayo. Ila ina sharti, na sharti lenyewe lina magurudumu 4. Tutalifikia.

Kwanza niungame. Kwa miaka 6 nilikuwa mtu wa jimu wa kweli: kadi mfukoni, taulo begani, na mashine yangu maalumu ya kukimbilia, ya tatu kutoka dirishani. Nikikuta mtu kaipanda nilikuwa nanuna. Nabonyeza kitufe, mkanda unaanza kwenda chini ya miguu, nami nakimbia nisije nikatupwa nyuma. Mbele yangu runinga, kushoto kwangu dirisha, na nje ya dirisha, kwa mbali, kilima. Nilikitazama kilima kile miaka 6 nikiwa nakimbia papo hapo.

Jioni moja umeme ukakatika. Mkanda ukakwama, nikajigonga kifua kwenye ule ubao wa namba. Taa zikazima, muziki ukafa, kiyoyozi kikanyamaza. Tukabaki watu zaidi ya kumi tumesimama gizani juu ya mashine zetu, jasho linatudondoka, tunangoja umeme urudi ili tuendelee kukimbia. Tukangoja dakika kumi hivi. Mlango ulikuwa wazi, nje kuna barabara na mwanga wa jioni bado upo, na hakuna hata mmoja aliyesema jamani, si tutoke tukakimbie huko? Hata mimi sikusema. Niliwaza jambo moja tu: kile kihesabio cha kilomita kimefutika, itabidi nianze upya.

Msicheke sana, mlio na kadi nawaona.

Baadaye nikataka kujua mashine ile ilikotoka. Mwaka 1818 mhandisi mmoja Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya magereza. Lilikuwa gurudumu kubwa lenye vidaraja kama ngazi. Wafungwa walipangwa safu, wakashika upau wa juu, wakapanda kidaraja baada ya kidaraja kwa saa kadhaa kila siku bila kufika popote. Katika baadhi ya magereza gurudumu hilo lilisaga nafaka au kuvuta maji. Kwingine halikufanya kazi yoyote, lilizunguka tu ili mtu achoke. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyolikomesha huko Uingereza, kwa kuwa lilionekana ni ukatili. Leo jamaa yake liko kwenye majengo ya vioo na tunapanga foleni kulipanda. Wala sisemi hivyo ili niwatanie tu. Mfungwa wa Cubitt, penye bahati, jasho lake lilitoa unga. Jasho letu sisi linatumia umeme.

Kiasi gani? Si kikubwa kama wapenda milima wanavyopenda kudai. Mashine ya kukimbilia ya jimu, mtu wa uzito wa kawaida akikimbia juu yake saa nzima, hula kama robo tatu ya yuniti, ikapanda au ikashuka kufuata kasi na uzito wa mtu. Taa, kiyoyozi na maji ya moto ya kuogea ndivyo vinavyozidisha bili. Nimewahi kusikia hoja kwamba baiskeli za jimu zifungwe jenereta ili watu wazalishe umeme wanapofanya mazoezi. Wazo zuri, ila mwili wa binadamu si bwawa la umeme. Mtu wa kawaida mwenye nguvu zake akikanyaga baiskeli saa nzima hutoa wati 100 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kulipia saa moja ya jirani yake anayekimbia kwenye mashine, inabidi akanyage saa saba na ushee.

Na tusiwaonee wabeba vyuma. Chuma hakichomekwi popote. Kimekaa pale sakafuni miaka 20, atakinyanyua baba na baadaye mwana, na hakuna bili. Tukisema jimu ni adui wa mazingira, tuseme tunazungumzia kona gani ya jimu.

Sasa hayo magurudumu 4.

Nilipoacha ile mashine ya jimu nikawa mlokole wa milima. Kila Jumamosi nilikuwa nawasha gari alfajiri, peke yangu, naendesha kilomita 35 hadi kwenye mlima wenye sifa, ule ambao kila mtu hupiga nao picha. Napanda, nashuka, narudi kilomita 35. Jioni naweka picha mtandaoni na maneno ya kuwasuta wenzangu wa mashine. Mpwa wangu alikuwa amepewa kazi ya shule, apige hesabu ya hewa ya ukaa inayotoka nyumbani kwao na kwa ndugu zake. Akaja na daftari.

"Mjomba, gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita?"

"Kama 10."

"Na mlimani kwenda na kurudi?"

"Sabini."

Akaandika lita 7, akazidisha kwa kilo 2.3. Nikamwambia hapo umekosea, mwanangu, lita ya petroli yenyewe haifiki kilo moja, itatoaje kilo mbili za hewa? Akanitazama kwa huruma, mwalimu wake alikuwa amemfundisha vizuri. Petroli ni kaboni kwa sehemu kubwa, na inapoungua kila chembe ya kaboni hujishikiza kwenye chembe mbili za oksijeni kutoka hewani. Uzito mwingi unatoka kwenye hiyo oksijeni. Kwa hiyo lita moja hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na Jumamosi yangu moja ya kupenda mazingira ilitoa kilo 16.

Kisha akafanya ya jimu. Tuchukue umeme mchafu kuliko wote, wa makaa ya mawe, ambao kila yuniti yake hutoa kilo moja hivi. Saa moja ya mashine ni robo tatu ya kilo.

"Kwa hiyo, Mjomba, ungekimbia jimu saa 20 na zaidi ndipo uichafue hewa kama Jumamosi."

Nikajitetea kwa taa na kiyoyozi. Akazidisha mara tatu bila kubisha. Bado Jumamosi moja ya mlimani ilikuwa sawa na safari saba za jimu. Nikamwambia kale chakula kimepoa.

Nimeisimulia hesabu hii mara nyingi, na wapo wanaotoka hapo wakisema basi jimu imeshinda. Haijashinda. Mtu anayeendesha gari kwenda jimu mara nne kwa wiki naye ana daftari lake. Kinachoamua ni umbali kati ya mlango wako na hatua ya kwanza ya mazoezi, na unavyouvuka umbali huo. Jaza gari lile lile watu 4, kila mmoja anabeba kilo 4 badala ya 16. Panda basi ambalo lingekwenda hata usipokuwemo, mzigo wako unakuwa mdogo sana. Ondoka nyumbani kwa miguu, basi mpwa wangu anafunga daftari.

Mimi niliuacha mlima wenye sifa. Nikakirudia kile kilima cha dirishani. Hakina jina linalojulikana, kina mnara wa simu juu yake, na mwinuko wake ni mita 180 tu. Kutoka hapa hadi juu yake ni kilomita 5 na nusu. Mara ya kwanza niliona aibu kukiita mazoezi. Mara ya pili nikapanda bila kusimama. Nilipofika mnarani sikuweza kumjibu kijana mmoja aliyenisalimia, nikamwonyesha kidole gumba tu.

Maana mwili haujui sifa za mlima, unajua uzito na urefu. Mtu wa kilo 70 akipanda jumla ya mita 500, iwe mlima mmoja au kilima kidogo mara tatu, misuli yake imefanya kazi ya kuinua ambayo ni kama kilokalori 80. Na kwa kuwa misuli hugeuza kama robo tu ya nguvu inayochoma kuwa kazi, nyingine ikatoka kama joto, mwili umechoma zaidi ya 300 kwa kule kupanda peke yake. Kutembea kwenyewe bado hatujakuhesabu.

Halafu kuna kushuka, na hapa ndipo mashine nyingi zinaposhindwa kabisa. Unaweza kuinamisha mkanda ukajifanya unapanda, lakini mashine nyingi hazina mteremko. Ukiwa unashuka, msuli wa mbele wa paja unarefuka huku umejikaza, unafanya kazi ya breki. Kazi hiyo haikutoi pumzi, unaweza hata kuimba. Ila kesho yake, na hasa keshokutwa, utashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume umeshika ukuta. Wazoefu wa jimu, wenye mapaja kama magogo, ndio hulalamika zaidi, kwa sababu hawakutarajia. Dawa yake ni kuanza na mteremko mfupi. Msuli ukishauonja mara moja au mbili unajifunza haraka, na maumivu ya safari inayofuata huwa madogo. Piga hatua fupi, magoti yalegee kidogo, usiyanyooshe kama nguzo. Mwenye magoti mabovu akate fimbo mbili, au anunue zile za kukunja, na amwone daktari kwanza. Sitaki kesi.

Vifundo vya miguu navyo. Kwenye mkanda kila hatua inafanana na iliyopita. Njiani hapa kuna mzizi, pale jiwe linacheza, mbele majani yameficha shimo. Nilipoanza nilikuwa natazama kila jiwe. Siku hizi mguu unalitambua jiwe linalocheza kabla kichwa hakijapata habari. Sijui niwaelezeeje, ni kama vidole vya anayefuma mkeka.

Mtaniuliza habari za kichwa, maana kila anayesifu matembezi husema yanaondoa mawazo. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walichapisha jaribio lililowapeleka watu kutembea dakika 90, baadhi kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara kubwa yenye magari. Waliotembea kwenye miti walipungukiwa na ile tabia ya kutafuna jambo baya kichwani tena na tena. Wa barabarani hawakupungukiwa. Walikuwa watu 38 tu, kwa hiyo sitawaambia ni neno la mwisho. Lakini mimi niliyetazama runinga miaka 6 nikiwa nakimbia, naamini.

Na isije ikaonekana kwamba bila kilima hakuna mazoezi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi, zamu nzima. Makondakta ndio waliougua moyo kwa uchache. Hakuna aliyewapa mkufunzi wala ratiba. Walikuwa na ngazi na walikuwa na kazi.

Kuna jambo moja ambalo jimu inalifanya na kilima hakilifanyi: mikono, mabega na mgongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hizo siku 2 au zaidi za kukaza misuli ya mwili mzima. Kilima kitakupa dakika. Kuvuta na kusukuma utafute kwingine: pushapu sebuleni, tawi imara la kuning'inia, au vile vyuma visivyo na bili nilivyovisifu. Mimi mwenyewe bado nakwenda kunyanyua vyuma Jumanne. Nakwenda kwa miguu. Na kuna watu ambao jimu ndiyo njia yao pekee, mama ambaye muda wake wa peke yake unaanza giza likishaingia, mtu anayejifunza kutembea tena baada ya kuvunjika nyonga. Hao msiwahubirie kilima.

Sasa vifaa. Mtu akiamua kutembea, jambo la kwanza anakwenda dukani. Viatu vipya, koti lisilopitisha maji, begi lenye mikanda kumi na miwili. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, mwaka 2013 walikadiria kwamba jozi moja ya viatu vya kukimbilia vya kawaida hutoa kilo 14 za hewa ya ukaa hadi kufikia mwisho wa maisha yake, na nyingi hutoka kiwandani, kabla hujavifunga kamba. Kilo 14! Karibu Jumamosi yangu nzima ya gari imo ndani ya boksi la viatu.

Hapo huwa namkumbuka Emma Gatewood. Marekani kuna njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,400, inayopita kwenye milima kutoka Georgia hadi Maine. Mwaka 1955 mama huyu, mwenye miaka 67, mzazi wa watoto 11, aliitembea yote peke yake kwa msimu mmoja. Alivaa raba za kawaida za turubai. Mzigo wake aliuweka kwenye mfuko aliojishonea mwenyewe, akautupia begani. Hakuwa na hema, alikuwa na pazia la bafuni la plastiki la kujikinga na mvua. Na aliirudia njia ile tena baada ya hapo. Sisemi mwige kila kitu, zile raba zilimchakaa njiani akabadilisha jozi kadhaa, na vifundo vyenu mimi sivijui. Nasema viatu ulivyo navyo, kama soli bado ina meno, vinatosha kwa kilima cha mita 180. Vivae hadi viishe.

Nimalizie na jambo ambalo sisi watembeaji hatupendi kuambiwa. Mguu nao unaharibu. Njia nzuri ya mlimani hupinda kushoto na kulia ili maji yasipate mteremko mrefu wa kukimbilia. Anakuja mtu mwenye haraka, anakata kona, anashuka moja kwa moja. Wa pili anafuata nyayo zake. Majani yanakufa, udongo unabaki uchi, mvua ya kwanza inakuta mfereji umeshachimbwa. Kwenye kilima changu kipo kikorongo kama hicho, leo kinanifika kiunoni, na nilikijua kikiwa alama ya viatu. Na mimi, nisiwafiche, ni mmoja wa waliokipita.

Matope ni hivyo hivyo. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita katikati yake. Kila anayelizunguka kulinda viatu anaipanua njia kwa hatua moja, na baada ya msimu mmoja njia ya mtu mmoja imekuwa barabara ya lori. Viatu vinaoshwa.

Maganda ya matunda rudi nayo, hata kama yanaoza. Kwenye baridi ya juu yanaoza polepole, na wanyama hujifunza kwamba palipo na binadamu pana chakula. Na haja kubwa, samahani wazee wangu, lakini lazima mtu aseme: shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji kwa mita 60, ufukie. Hiyo si kanuni yangu, hufundishwa na Leave No Trace, shirika la Marekani linalofundisha watu kupita porini bila kuacha alama.

Dakika zangu zinaisha, mwenyekiti ameshaanza kuitazama saa, kwa hiyo tangazo. Jumamosi tunakwenda kile kilima. Tunaondoka saa 12:30 asubuhi, kwa miguu, kwenye mlango huu huu. Kwenda na kurudi ni kilomita 11. Mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alituachia kanuni mwaka 1892 ambayo hadi leo wengi huianzia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Yetu inatoka saa mbili na nusu. Naismith alikuwa na miguu mizuri, na sisi tutapumzika mnarani, kwa hiyo mwambieni wa nyumbani saa tatu na nusu. Maji beba kutoka nyumbani, kwenye chupa ambayo utarudi nayo. Mvua ikinyesha tunakwenda. Ngurumo na radi zikija hatuendi, maana kule juu kuna mnara na hakuna pa kujificha.

Mwenye gari aliache kwake. Atakayekuja nalo hatafukuzwa, ila litabaki hapa nje, naye atatembea kama sisi.

Na yule kijana pale nyuma aliyenyanyua simu akiniuliza kwa ishara kama kule juu kuna pa kuchaji: mnara upo, mwanangu. Soketi hakuna.